Mwenye Mwendo wa Pole Atangulie: Kumuaga Mzee Deodatus Bagenda wa Kisiwa cha Nyamuhoro

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Mzee Deodatus Bagenda anatimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Hifadhi ya Kisiwa cha Nyamuhoro, na siku hiyohiyo anastaafu. Kwa kuwa sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kulala kisiwani ila mtumishi aliye kazini au mgeni aliyelipia, siku hiyo pia anahama. Wengi wetu tukistaafu tunarudi kwetu. Mzee Bagenda akistaafu anaondoka kwao, na jambo hilo limetukosesha raha ofisi nzima tangu Pasaka. Nitaeleza, lakini kwanza tumpe sifa zake, maana mwenyewe hajisifu. Sisi Wasukuma tuliokulia Mwanza tumezoea kuwatania Wahaya kwa majigambo. Huyu ametuharibia utani wetu kabisa.

Alianza mwaka 1969 kama kibarua wa kufyeka njia. Baadaye akawa askari wa hifadhi, akasaidia kuendesha boti, na mwishowe akawa mwongoza wageni, kazi aliyoipenda na kukaa nayo mpaka leo. Mara mbili aliitwa Mwanza mjini apewe meza na kiti, na mara zote mbili alikataa akisema ofisini miguu huvimba. Sisi tunaokaa ofisini tulinuna kidogo, kisha tukaitazama miguu yetu.

Kwa wenzetu wa idara nyingine ambao hawajafika Nyamuhoro, na ni aibu yenu, msitu wa kisiwa kile unaanza pale mchanga unapoishia. Unashuka gatini, unapita jikoni kwa Mzee Luhaga, mpishi wetu, ambako kiboko hutoka majini na kula nyasi kana kwamba anasubiri sahani. Ukishavuka hapo umeingia chini ya mikuyu mikubwa na jua linabaki huko juu. Njia inazunguka mabonde mawili, inakatisha kijito, halafu inapanda mpaka Jiwe la Juu. Ukiwa pale unaliona ziwa pande zote, na siku ya anga safi unaona vilima vya upande wa Sengerema.

Njia hiyo Mzee Bagenda ameiongoza kwa namna yake, na hakuna hifadhi nyingine niliyosikia wanafanya hivyo. Waongozaji wengine hutangulia. Yeye hukaa nyuma kabisa. Wageni wakishuka kwenye boti, huwasalimia, huangalia viatu vyao, husikiliza wanavyohema, kisha humchagua aliye mzito kuliko wote na kumweka mbele. Wengine wote, hata wawe na miguu ya swala, marufuku kumpita. Neno lake ni hilohilo kila siku: "Mwenye mwendo wa pole atangulie. Wenye haraka watajifunza."

Wamejifunza wengi. Mambo yalipofunguliwa, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, wageni waliongezeka ghafla. Yakaja makampuni ya utalii ya watu binafsi, yakaja maji ya chupa, zikaja boti za injini mbili. Meneja mmoja wa kampuni, ambayo sitaitaja, alikuja na wazo la kukata njia iliyonyooka mpaka Jiwe la Juu ili watalii wapande, wapige picha, na wawahi chakula cha mchana mjini. Mzee Bagenda hakubishana naye. Alimkaribisha atembee kwanza. Meneja alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi, na kabla ya bonde la kwanza vilikwisha kumtoa malengelenge, basi akawekwa mbele. Akachechemea taratibu, sote tukachechemea nyuma yake. Kwenye kijito, kwa sababu ya ule mwendo wa kinyonga, akamkuta nzohe, yule swala wa majimaji, na mtoto wake wanakunywa maji, akasimama mdomo wazi. Habari ya njia iliyonyooka hatukuisikia tena. Aliporudi mara ya pili alikuja na raba.

Tena kuna kahawa. Pale gatini, kabla hujaambiwa habari ya kiingilio wala ya nyoka, Mzee Bagenda hufungua kopo lake la maziwa ya unga na kukuwekea kiganjani punje chache za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya kwao mgeni akiingia nyumbani. Punje hizo huchemshwa na mkewe, Mama Prudencia, nyumbani Nyegezi, mjini Mwanza, anakolala mzee siku zisizo za zamu, na huletwa na ndugu kutoka Bukoba. Kila mgeni hufanya kioja chake. Mzungu mmoja alizimeza nzimanzima kama dawa ya malaria. Walimu wa Kisesa waliuliza sukari iko wapi. Mimi siku yangu ya kwanza niliomba maji ya moto, naye akanitazama kwa huruma, akasema, "Tafuna, mwanangu. Hii siyo chai."

Tulidhani ni ukarimu tu. Hatukujua kwamba alikuwa anatukaribisha kwao kwelikweli.

Tulikuja kujua mwaka 1993. Kwaya ya kina mama kutoka Sengerema ilikodi boti kuja kutembea, na miongoni mwao alikuwemo bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo, Ma Leonsia. Mzee Bagenda alimpa kahawa kwa mikono miwili na kumwambia shikamoo kwa sauti ya chini. Kwa fimbo ile hapakuwa na mjadala, Ma Leonsia ndiye aliyetangulia. Tulitembea vizuri mpaka bonde la pili. Hapo bibi aliiacha njia. Hakuuliza mtu, aliingia tu msituni upande wa kushoto, akipangua majani kwa fimbo. Na kwa kuwa sheria ya Mzee Bagenda ni kwamba aliye mbele hapitwi, kwaya nzima iligeuka ikamfuata, nami niliyekuwa nimesindikiza wageni siku hiyo nikafuata vilevile. Nilimgeukia mzee kule nyuma nikitegemea atapiga kelele. Alikuwa amevua kofia.

Bibi alisimama kwenye mibuni. Ilikuwa mibuni mirefu, iliyokonda kwa kutafuta jua, imechanganyikana na miti ya msitu kiasi kwamba mimi nilikuwa nimepita karibu yake miaka yote bila kuiona. Akashika shina moja, akasema, "Hapa ndipo jikoni kwa mama. Waitu, ndugu yangu Deo, mbona hukuniambia kuwa imesimama bado?"

Mzee Bagenda alijibu kwamba aliogopa angekuja akakuta imeanguka.

Ndivyo tulivyopata habari kamili. Kabla ya hifadhi, Nyamuhoro ilikuwa na familia chache za wakulima na wavuvi, baadhi yao Wahaya waliotoka Bukoba. Kisiwa kilipotengwa kwa ajili ya wanyama na msitu, walihamishiwa ng'ambo. Bagenda alikuwa kijana tayari. Ma Leonsia, dada yake mkubwa, aliolewa Sengerema. Bagenda mwenyewe aliposikia wanatafutwa vibarua wa kufyeka njia kisiwani, alikuwa wa kwanza kujiandikisha, akakaa kimya juu ya alikozaliwa, asije akaambiwa kuwa amekuja kudai shamba. Hakudai kitu. Alichofanya ni kuipitisha njia karibu na mibuni ya baba yake, akawa anaipita kila siku ya kazi bila kuchuma hata punje moja. Kahawa ya kopo lake, sasa mnaelewa, ilitoka Bukoba kwa makusudi. Sheria inasema kitu cha kisiwani hakitoki kisiwani, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wageni sheria hiyo.

Ma Leonsia alikuja tena kila mwaka, hadi mwaka juzi alipofariki. Tangu hapo amebaki mtu mmoja tu duniani anayejua mlango wa nyumba ile ulitazama wapi. Na mtu huyo ndiye tunayemuaga.

Sasa niwaeleze ujinga wetu. Mwezi wa nne tulikaa kujadili zawadi. Kuna waliotaja baiskeli, kuna waliotaja mabati kwa ajili ya nyumba aliyojenga Sengerema karibu na wapwa zake. Ndipo Elias, dereva wetu wa boti, akasema jambo ambalo lilitupendeza wote mpaka tukapiga makofi. Kwa nini tusimchimbie mche mmoja chini ya mibuni ya baba yake, akaupande kwake? Wazo zuri! Watumishi wa hifadhi, walioapa kulinda kila jani, tukakaa mkutanoni tukakubaliana kuiba mti wa hifadhi. Elias akauchimba vizuri na udongo wake, akaupanda kwenye debe la mafuta ya kula, tukaupeleka Nyegezi siku ya Jumapili tukiwa tumevaa vizuri, na soda kreti nzima.

Mzee Bagenda aliutazama mche ule. Aligusa jani moja. Machozi yalimlengalenga, nasi tukatabasamu, tukidhani tumefaulu. Kisha akauliza kwa upole, "Nani ametoa ruhusa?" Mama Prudencia akaweka soda yake chini.

Hakutukaripia. Alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile, nami nayaandika hapa ili yabaki kwenye jarida letu: "Wanangu, kwetu kumebaki kwa sababu hakuna aliyechukua kitu. Leo mimi nikichukua mche, kesho mtamzuia nani?" Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye boti, amepakata debe mapajani. Alitembea nalo mpaka bonde la pili, magoti yakimuuma, akakataa kupokewa. Akaurudisha mche kwenye shimo lake, akaushindilia kwa viganja, akaumwagilia maji ya kijito. Elias aliyesimama pembeni na jembe alilia waziwazi. Mimi pia nililia, na sioni sababu ya kuficha. Tulikuwa tumetaka kumpa kwao akabebe, kumbe kwao hakubebeki.

Ndiyo sababu tumehangaika. Tungempa nini mtu ambaye kitu pekee anachokipenda ni marufuku kukitoa, na yeye mwenyewe ndiye mlinzi wa marufuku hiyo? Baiskeli tumenunua, ataikuta ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga. Lakini Mhifadhi wetu ametoa ruhusa nyingine, halali safari hii, ambayo haing'oi hata unyasi: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, boti ya wageni ikiwa na nafasi au isiwe nayo, Mzee Bagenda ana kiti chake. Mche wenyewe, kwa taarifa yenu, umeshika. Umetoa majani mawili mapya.

Baada ya hapo ukazuka ugomvi mwingine. Nani atasimama gatini na kopo la kahawa siku mzee atakapokuja mara ya kwanza kama mgeni? Elias alisema ni haki yake, kwa kuwa ndiye aliyekosa. Mimi nilisema ni kazi ya ofisi ya wageni, na ofisi hiyo ni mimi. Tulifika hatua ya kupandishiana sauti. Mzee Luhaga, ambaye alikuwa anapara samaki na hakuwa ameulizwa kitu, akasema bila kuinua kichwa, "Kwani mtu hukaribishwa kwao?"

Ugomvi ukaisha hapohapo.

Mzee wetu, sasa nakugeukia wewe. Asante kwa wageni wote uliowarudisha salama. Asante kwa kutufundisha kutembea, sisi tuliodhani tulijifunza utotoni. Asante, Mama Prudencia, kwa sufuria zote za kahawa ulizochemsha kwa ajili ya watu usiowajua. Nenda Sengerema ukapumzike, ule samaki bila kusikia filimbi ya boti, wajukuu wakuchoshe. Afya iwe upande wako na magoti yakuhurumie.

Kopo lako hatulichukui. Lilitoka nje ya kisiwa, linaruhusiwa kutoka. Nenda nalo nyumbani, lijaze, na Jumamosi ya kwanza ya Agosti uje nalo. Utatukuta gatini tumejipanga, Elias, Luhaga, mimi na wenzangu wote, viganja wazi, kama wageni wako tulivyokuwa siku zote. Utupe kahawa, tutafune. Kisha tutakwenda kwenye mibuni, na utuonyeshe mlango ulitazama wapi, jiko lilikuwa wapi, mama alikaa wapi, ili tuwe wengi tunaojua.

Na kwa magoti hayo, mzee, usibishe. Utatangulia wewe.

Gladness Mihayo
Ofisi ya Wageni, kwa niaba ya watumishi wote wa Nyamuhoro