Jiko Lisilo na Moshi

Benchi letu si benchi, ni mlango. Ulikuwa wa ofisi fulani iliyobomolewa, mtu akauokota akaulaza juu ya matofali hapa konani, kwenye ukuta wa kiwanda cha uchapaji. Tundu la ufunguo bado lipo. Ukikaa vibaya linakubana. Mwisho wa huku, karibu kabisa na barabara, nakaa mimi na birika langu na jiko langu dogo la mkaa. Mwisho wa kule, kwenye pembe ya ukuta, lipo jiko la Jivu, nusu pipa lenye wavu juu. Jivu ni mchoma nyama, na jina hilo alipewa kwa sababu hujapata kumwona bila jivu kwenye nyusi. Miaka yote moshi wake ulijaa kona hii na kuvuka barabara. Halafu kifua kikamgeuka. Daktari akamwambia aachane na moshi, mkewe akamwambia vilevile kwa sauti kubwa zaidi, na wiki hii ameanza kupika kwa foili, ile karatasi ya bati laini. Anaweka kipande cha kuku, viazi, karoti na kitunguu, anafunga kifurushi, anakunja kingo mara mbili mbili ili mafuta yasidondoke kwenye mkaa. Yasipodondoka, moshi hakuna. Na wateja nao hakuna. Hata mbwa wa gereji ya ng'ambo, aliyekuwa akilala chini ya lile pipa kama amelilipia kodi, ameacha kuja. Basi wenzetu wamekaa mlangoni kutafuta sababu, kwa kahawa yangu.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Waya, fundi umeme, ambaye taa ya chooni kwake haijawaka tangu ajenge.

— Tatizo ni upande, Jivu. Foili ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Wewe unaong'aa umeuweka nje.

— Ukiwa ndani inakuwaje?

— Joto linabaki kwenye chakula. Ukiwa nje, joto linafukuzwa.

— Lakini kuku anaiva, Waya. Kifurushi kikivimba, ujue kimeiva. Si ulikula mwenyewe juzi?

— Kuiva, ameiva. Na mtamu. Mimi naongea kisayansi.

Pindo akaweka kikombe chini. Huyu ni fundi cherehani, na futi yake haitoki shingoni hata akienda msibani.

— Achana na sayansi. Tatizo ni kufunga. Mtu anataka aone anachonunua. Mimi nikimshonea mteja suruali, nikaifunga kwenye karatasi, nikamwambia usifungue mpaka nyumbani, ataipokea?

— Suruali zako, — nikamwambia, — ndiyo njia pekee ya kuziuza.

Wakacheka, na yeye akacheka, maana alikuwa amevaa mojawapo.

— Nyote mmepotoka, — akasema Korti. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na mpaka leo anaongea taratibu kama kuna mtu anamwandika. — Hili ni suala la ushahidi. Nyama ikiwa juu ya wavu, ni ushahidi wa wazi. Hii yako, Jivu, ni kesi inayosikilizwa faragha. Mwananchi anapita zake barabarani, anakabidhiwa kitu cha moto, kimefungwa, kinang'aa. Anafanya nini?

— Anakula.

— Anaangalia nyuma kama kuna askari! Anadhani ni hongo.

— Hongo ya viazi?

— Hongo ni hongo.

Jivu alitaka kucheka, kikohozi kikamuwahi. Nakijua kikohozi hicho kama ninavyojua sauti ya birika langu: kinaanza kidogo, kinakwenda chini, halafu kinakaa huko kama kimesahau njia ya kurudi. Tulingoja. Alipomaliza alijifuta macho kwa mkono wenye koleo na kuanza kuvigeuza vifurushi, kimoja kimoja, polepole.

— Basi semeni tu nirudi nilikotoka. Vya jana vilibaki, nikawagawia majirani. Vya leo vikibaki tena, kesho naweka mbavu wazi juu ya mkaa kama zamani.

— Na kifua? — nikamuuliza.

— Kifua kiko ndani ya mtu, Bibi. Na mtu anakula.

Mlango mzima ukainamia vikombe. Mkewe alinipitia asubuhi ya siku hiyo. Hakunywa kahawa, hakukaa. Aliniambia tu kwamba wiki hii ya foili ndiyo ya kwanza amelala. Kabla ya hapo alikuwa akikaa macho kumsikiliza mumewe anavyopumua, na pumzi ikichelewa anamtikisa. Nilimwambia sawa mwanangu, nimesikia. Ungemwambia nini tena mtu kama huyo?

Lakini hawa wangu kimya hawakiwezi.

— Nimeipata! — Waya akaruka hata tundu la ufunguo likamwachia. — Simu! Foili ni madini. Rundo lote lile linazuia mawimbi. Mtu anakaribia hapa, simu inakata, anaona pana mkosi, anaondoka.

— Yangu mbona inashika? — Pindo akaitoa.

— Yako ya zamani. Za zamani zina nguvu.

— Si simu, ni kioo, — Pindo akasema. — Mtu akiinama pale anajiona uso. Na mtu mwenye njaa hapendi kujiona uso. Anakumbuka shida zake, hamu inamtoka.

— Mnacheza pembeni, — Korti akasema, akainua kidole. — Tazameni juu. Mng'ao ule unaonekana angani. Tangu Jivu aanze foili, kuna mtu ameona ndege ikipita juu ya kona hii?

Tukatazama juu sote, na mimi pia, Mungu anisamehe. Ndege haikuwapo.

— Korti, — nikasema, — wateja wa Jivu walikuwa wanakuja na ndege?

— Nimetoa hoja. Uamuzi ni wenu.

Hapo ndipo alipotokea mgeni. Mwashi, mwiko mfuko wa nyuma, saruji mpaka magotini. Nadhani alitoka kwenye nyumba wanayojenga nyuma ya kiwanda. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikammiminia. Akapita kwenda kusimama kwenye pembe ya ukuta penye kivuli, ubavuni pa Jivu, hivi kwamba kiwiko chake kilikaribia kugusa pipa. Akanywa yote, akarudisha kikombe.

— Samahani, mama. Mtaa huu mtu anapata wapi chakula? Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni.

Waya aliiangalia simu yake. Korti alisafisha koo, lakini sentensi haikufuata. Pindo alishika futi kama anataka kupima kitu, asijue nini. Na Jivu alisimama pale pale, koleo mkononi, vifurushi vimemvimbia mbele yake kama mito ya kulalia.

— Hapa, — akasema mwishowe.

— Hapa wapi, kaka?

— Hapa. Hivi ni chakula.

Mwashi akageuka, akainama, akashangaa kweli.

— Aa! Nilidhani unayeyusha vyuma. Mbona hapanukii kitu?

Nikaangalia ng'ambo ya barabara. Yule mbwa alikuwa amelala mlangoni pa gereji, pua juu ya miguu. Mbwa hana simu. Haogopi askari. Upande unaong'aa na uliofifia kwake yote sawa, na uso wake haumsumbui. Na yeye pia ameacha kuja. Nikaona ujinga wetu wote umekaa pale mlangoni umeshika vikombe.

Jivu akachukua kifurushi, akakiweka kwenye sahani mbele ya mgeni, akakipasua katikati. Mvuke ukatoka, kitunguu na kuku na mchuzi wa moto, na mwashi akafumba macho kabla hajatia mkono. Ng'ambo, mbwa akainua kichwa kidogo, akakilaza tena. Tulimwona sote.

— Kumbe, — Jivu akasema. Akaweka koleo chini. — Kumbe walikuwa wanafuata moshi. Miaka yote hii nilidhani wanafuata mkono wangu.

— Ulitaka wafuate nini, sura? — nikamwambia.

Hakucheka. Na mimi nikaona sikupaswa kulisema neno hilo, ingawa sikulifuta. Ni jambo la kumkalisha mtu chini, kwamba kile kilichokuwa kinamla ndicho kilichokuwa kinamwitia watu wa kumlisha.

— Acha kimoja wazi, — mwashi akasema, mdomo umejaa. — Wapitao wasikie.

— Nikiacha wazi hapa, mchuzi unamwagikia mkaa, — Jivu akasema. — Moshi unapanda, na ninayeuvuta ni mimi. Na pembe hii haina upepo, hata harufu haifiki barabarani. Ule moshi wa zamani ulifika kwa wingi wake tu.

— Basi hoja imekwama, — Korti akasema.

Pembe haina upepo, lakini mimi ninao. Unanipiga mgongoni kila siku na kuvuka barabara na jivu langu. Nikanyanyua birika kwenye jiko langu, nikaliweka chini.

— Lete kimoja.

— Bibi, wewe?

— Nimekaa juu ya mkaa tangu hawa hawajaota ndevu. Kifua changu hakijapata kunikatiza nikigombana. Lete, na usikae upande huu.

Akaleta. Nikakipasua kwa uma, nikakifungua wazi kabisa juu ya mkaa wangu, mchuzi ukamwagika, ukachachatika, na moshi mdogo wenye harufu ya kitunguu ukanipita begani kwenda zake barabarani.

— Hicho kitakauka, — Jivu akasema. — Nani atakila?

Waya, Pindo na Korti wakasema "mimi" kwa pamoja. Siku nzima hawakuwa wamekubaliana kitu.

— Bibi, — Waya akanyoosha kikombe, — niongezee kahawa basi, wakati tunangoja.

Birika lilikuwa chini karibu na mguu wangu, limejaa zaidi ya nusu, linapoa, na jiko lake lilikuwa na kazi nyingine.

— Imekwisha, — nikamwambia.

Mbwa alikuwa ameshavuka barabara. Nyuma yake alikuja fundi mmoja wa gereji, anajifuta mikono kwa tambara, anaangalia huku na huku kama mtu aliyeitwa asijue nani kamwita.