Fundi Lifti na Gari Lake Jekundu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Lifti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba namba nne cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi, dada yake. Wasifu huu nimeuandika mimi kwa sababu wanawe wa kiume walisema wako bize, na Chama cha Wapenzi wa Magari ya Kale kilileta wasifu wake wa kurasa tatu ambamo gari limetajwa mara thelathini na moja na mke hajatajwa hata mara moja. Kurasa hizo nimefunikia ndoo ya maji.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1958 hadi 1965, kisha ufundi wa umeme hadi 1969. Hakuwa hodari darasani, nisiwadanganye. Lakini masikio alikuwa nayo. Akiwa na miaka kumi alimwambia mama kwamba mkanda wa cherehani utakatika kesho. Kesho yake ukakatika, na mama akamchapa akidhani ndiye aliyeukata.

Kuanzia tarehe 1 Februari 1970 hadi 30 Juni 2011 alikuwa fundi wa lifti katika jengo la ofisi la ghorofa tisa. Miaka arobaini na moja wakubwa walipanda na kushuka kwa jasho lake, na sikumbuki hata mmoja aliyemuuliza hali. Mwaka 1977 daktari wa meno aliyekuwa akihama alimwachia gari la spoti: jekundu, la viti viwili, halina paa, halina betri, na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Alilishughulikia miaka miwili mpaka likatembea.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Gari lilizimika mita mia mbili kabla ya ukumbi. Bibi harusi alivua viatu, akavirusha kitini, akasukuma. Mama yetu alipomuuliza kwa nini gauni lina grisi, alijibu, "Mama, nimemkuta mke mwenza." Walijaliwa watoto watatu.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi marehemu aliliwasha. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza, kisha akaandika katika daftari la shule: "Leo kakohoa mara mbili. Baridi." Watoto wakisogea, neno lilikuwa moja tu: "Usiguse!" Basi hawakugusa. Walipokua wakawa wanakuja kulipiga picha.

Mwaka 2010 alijiunga na hicho chama. Wazee wazima, glovu za ngozi mkononi juani, wanafuta vioo visivyo na vumbi. Ajenda ilikuwa ile ile kila mwezi: "Vijana wa leo hawana mapenzi na magari haya. Sisi tukiondoka, basi." Miaka kumi na minne nimewapelekea chai nikisikia wimbo huo, na sijaona mmoja wao akimpa kijana hata kitambaa cha kufutia. Wenyewe hata plagi hawajui kufungua, walikuwa wanampigia simu marehemu. Naye mdogo wangu, Mungu amrehemu, alitikisa kichwa pamoja nao. Ujinga huo alishiriki, na nilimwambia akiwa hai.

Mwaka 2022 mikono yake ilianza kutetemeka. Kufikia Agosti 2024 hakutoka tena kitandani, na gari likakaa wiki kumi na moja bila kuwashwa. Kilichomtesa zaidi ni ule ukimya wa Jumamosi. Mwanawe mkubwa alikuja, akazungusha ufunguo mpaka betri ikafa, akasema, "Mzee, hili limekwisha. Tuliweke hotelini, watu wapige picha." Baba yake aligeukia ukutani.

Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba alikuja mjukuu wake wa kike, msusi wa miaka ishirini, kumsuka bibi yake. Alipomaliza nywele alichukua daftari la babu na kulisoma lote. Akachajisha betri kwa jirani, akasugua plagi kwa mswaki mkuukuu, akafungua kabureta kwa vidole vile vile vya kusukia. Likawaka, likakohoa.

"Rudisha choki, linameza petroli nyingi!" babu alipiga kelele kutoka kitandani.

"Nimesharudisha, babu. Nyamaza nisikie."

Hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze. Akanyamaza. Binti akazungusha bisibisi kidogo tu, na injini ikatulia.

"Hapo," babu akasema. "Usiguse tena." Akalia. Nami nililia, na gari lenyewe silipendi.

Nilimuuliza yule binti alijifunzia wapi. Akasema, "Bibi, mimi kila Jumamosi nilikuwa dirishani. Alisema tusiguse, hakusema tusisikilize."

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, saa mbili asubuhi. Ufunguo alikuwa ameshampa msusi mbele yangu. Kesho yake mwenyekiti wa chama alikuja kutoa pole, na kabla hajakaa vizuri akasema gari likabidhiwe chama, kwani vijana wataliharibu. Mjane alimjibu, "Shemeji, kunywa chai." Leo gari hilo litatangulia jeneza, msusi akiwa kwenye usukani. La mwenyekiti, naambiwa, litaletwa juu ya lori.

Ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja, wajukuu watano, dada mwenye mdomo, na gari moja jekundu ambalo si la chama. Mwenye neno aje kwangu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Leo ni Jumamosi, na saa nne litawaka.