Tope la Shemeji

Benchi letu lipo mbele ya karakana ya Chuma, mchomeleaji. Asubuhi ile tulikuwa wanne: Chuma, Kinyozi, mimi mshona viatu, na Karai, aliyechekecha mchanga wa mto miaka ishirini akitafuta dhahabu. Kampuni ya utafiti wa madini ilikuwa imemwajiri shemeji yake Karai, mdogo wa kike wa mkewe, na ndiyo kwanza apite mbele yetu ndani ya gari jeupe, buti mpya miguuni.

— Kaliona benchi, kageuza shingo, alisema Kinyozi.

— Na mimi ndiye niliyemshikisha karai! Karai akasema. Leo anachota tope la mtoni, anatia kwenye vifuko vya namba, analipwa. Tope, jamani!

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, Chuma akadakia. Huyu anazoa mpaka matope.

Nikajaribu kutuliza:

— Si linapimwa maabara? Vijito viwili vinapokutana, wanachota huku na huku. Tope lenye dhahabu ndilo linalowaonyesha wapande kijito kipi, mpaka kwenye mwamba wenyewe.

— Dhahabu gani isiyoonekana kwa macho? Karai akauliza. Hiyo ni imani, bwana.

— Acheni ushamba, Kinyozi akasema. Linauzwa ng'ambo, matajiri wanajipaka usoni.

— Usoni wapi! Wanafyatulia matofali, alisema Chuma. Mtu analala ndani ya dhahabu, jirani hajui. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; ndiyo maana huyo anatembezwa na gari.

Tukacheka. Karai hakucheka.

— Anachota mahali pamoja, anajaza vifuko vyote. Leo hii namwambia bosi wake.

Kicheko kikakatika. Kwa neno kama hilo mtu hufukuzwa kazi.

— Umemwona? nikamuuliza.

— Sina haja ya kuona.

Gari jeupe likarudi. Dereva akashuka peke yake.

— Shikamooni, wazee. Yule dada kagoma kupanda vijito vya juu. Anasema aliyemfundisha kuusoma mto yupo hapa, na bila yeye tutachota ovyo tu. Kambembeleza bosi wiki nzima, na leo bosi kakubali kumwajiri huyo mwalimu wake. Karai ni yupi?

Kinyozi akakung'uta kikombe kitupu. Chuma akaingia karakanani bila kuaga. Mimi nikatazama viatu vya watu.

— Wazee, Karai ni yupi?

Karai akageuza shingo.