Sauti ya Hooyo na Faili Zilizofungwa

Assalamu alaikum, dada zangu. Nanyi mliotoka Tana na Ukambani, hamjambo. Nitasema Kiswahili ili asibaki mtu nje. Nikikosea mnisamehe, hiki kilinifikia shuleni.

Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nitoe ushuhuda wa mtu aliyeanguka akainuka. Kuanguka nakujua. Kuinuka, mtaamua wenyewe.

Hooyo, yaani mama yangu, hakujua kuandika. Baba alifanya kazi Arabuni miaka mingi, na barua zao zilikuwa kaseti. Hooyo alikaa na redio ya kaseti pale kijijini Sangailu, akabonyeza, akasema: ng'ombe gani amezaa, mvua imenyesha wapi, mtoto gani mkaidi. Huyo mkaidi ni mimi. Mara nyingine alimwimbia. Baba aliporudi alizileta zote ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Sasa wote wawili wametangulia mbele ya haki.

Joto letu mnalijua. Kaseti zilianza kukwaruza, basi nikaunganisha redio kwa waya na kompyuta yangu ya kazi ya kuchapa, nikazihamisha moja baada ya nyingine. Nililia huku nacheka. Nilipomaliza, habaryar, mdogo wake hooyo, akaniomba zile kaseti: utepe wake uking'aa kwenye ua wa zizi, fisi huogopa. Nikampa zote. Za nini tena, na hooyo yuko kwenye kompyuta?

Ndugu zangu, nawaambia, adui hakuvunja mlango. Mimi nilimkaribisha kwa chai.

Binamu yangu alikuja kutoka Dadaab na flashi yenye video ya harusi yake. Flashi hiyo ilikuwa imepita mkono kwa mkono, duka kwa duka. Nilipoichomeka, ile programu ya kuzuia virusi ikatoa onyo jekundu, ikakataa kuifungua. Binamu akacheka.

"Walaal, ndugu yangu, hii ni bicha ya harusi tu. Kwani mgeni unamkagua mfuko?"

Nanyi mnajua, kwetu mgeni hapekuliwi. Niliona haya. Nikaizima ile programu kwa mkono wangu mwenyewe. Harusi ikafunguka, tukapiga vigelegele sebuleni.

Asubuhi nilitaka kumsikia hooyo kidogo kabla ya kazi. Faili zote zilikuwa na majina nisiyoyajua, na hakuna iliyofunguka. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi: faili zako tumezifunga, lipa, la sivyo hutaziona tena.

Nilikimbia kwa mwalimu mmoja wa kompyuta hapa mjini. Aliihangaikia mashine mpaka adhuhuri. "Mama," akaniambia, "ufunguo wanao wao peke yao. Na hata ukilipa, mwizi hana amana. Una nakala mahali pengine?"

Nikaukumbuka ule ua wa zizi.

Kwanza nilikwenda kwa abti, mjomba wangu, nikaomba jamaa wachange nilipe, nibahatishe. Akaniangalia kwa huruma. "Watu nachangia mgonjwa. Mama yako iko kwa Mungu, hako kwa kombyuta." Alisema kweli, na kweli hiyo ilinimaliza.

Nikaenda Sangailu. Utepe ulikuwa umekatikakatika, jua limeukausha, mbuzi wameutafuna. Nilishika kipande chake, nikakiweka sikioni kama mwendawazimu.

Tangu hapo nilikuwa maiti anayetembea. Sikuchapa, sikupika. Hooyo alikuwa amenifia mara ya pili, na mara hii mkono ulikuwa wangu. Ninyi wa kikundi hiki mlikuja mkaketi kwenye jamvi langu kama watu wa tanzia, na hakuna aliyeuliza marehemu ni nani. Mungu awalipe. Amlipe na yule mwalimu, aliyekataa kunidanganya.

Kisha akaja habaryar. Alikuwa amepekua sanduku lake lote, akapata kaseti moja aliyojirekodi yeye mwenyewe zamani na haikutumwa. "Hii ni mimi nasema," akaniambia, "lakini siku hiyo dada alikuwa hapo." Tukaiweka kwenye redio, tukangoja. Hooyo yumo. Yumo kwa maneno machache tu, kwa mbali. Siku hiyo nilipika.

Sitawaambia kwamba nimepona. Zile faili bado ziko, zimefungwa, na siwezi kuzifuta. Lakini hii moja niliyobaki nayo ina nakala kwenye simu yangu, nyingine kwa habaryar, nyingine kwa mwenyekiti. Onyo jekundu likitokea, dada zangu, msilionee haya. Mgeni wa mashine apekuliwe, hata akiwa damu yako. Najua kuna mtu hapa ana picha za marehemu wake kwenye simu moja tu, basi asilale leo kabla hajaziweka na mahali pengine.

Nimekuja na ile nakala ya simu. Naomba mnyamaze kidogo, spika ya simu ni ndogo. Huyu anayesema kwa sauti kubwa ni habaryar, anasimulia habari za kisima. Msimsikilize yeye. Subirini mbuzi aingie kwenye unga. Hapo hooyo atamfukuza.