Losana Amealikwa

Basi la kwenda Nausori lilikuwa halijatoka Suva, mji mkuu wa Fiji, na tayari Salote alikuwa amelikunja gazeti lake, maana mazungumzo ya kiti cha mbele yalikuwa matamu zaidi. Mama mmoja kijana, Mereani, alikuwa akimsimulia bibi aliyeketi naye habari za bintiye wa miaka minane, ambaye alikuwa akirukaruka katikati yao.

“Daktari alisema ana ADHD, bibi. Hatulii, anadakia maneno ya wenzake, mpaka wakamkimbia. Miaka miwili shuleni hajaalikwa popote! Nikamtia kwenye netiboli, huu mwezi wa tatu. Jumamosi kaudaka mpira, katulia, kampa mwenzake! Losana huyu huyu!”

“Mpira si dawa, mwanangu. Amekua tu.”

“Amekua kwa miezi mitatu?”

“Basi ni vidonge vya daktari.”

“Hivyo anavimeza tangu mwaka juzi!”

“Basi mwalimu wao wa mpira ana subira.” Bibi hakuwa mtu wa kushindwa, na hoja hii Salote aliiona ina uzito.

“Mwalimu ndiye, na mpira ndio! Kwani lazima nichague? Leo mwenzake wa timu kamwalika kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa, ndiko tuendako. Naogopa asije akaivuruga.”

“Ataivuruga. Mtoto gani asiyevuruga sherehe?”

Mereani alifungua kinywa kujibu, basi likasimama. Kituoni wasichana watano walikuwa wakipiga kelele: “Losana! Losana!” Mtoto akachomoka mbio. Mama yake alibaki ameshikilia kiti, machozi yakimtiririka, kwani hakuwahi kusikia watoto wakiliita jina lile kwa furaha.

“Shuka basi, mama,” bibi akamsukuma taratibu. “Utalia huko huko.”