Mwalimu Ajiambo Makokha na Bweni la Wasichana wa Mraru

Waombolezaji wapendwa, mtuwie radhi mapema, familia ilitafuta mtu wa kuisoma historia hii kwa sauti ya heshima, ikamkosa, ikabaki na mimi Obadiah, mdogo wake marehemu, niliyezoea kushika maikrofoni harusini, kwa hivyo nikiharibu mnivumilie, kwa kuwa yule aliyezoea kunikatiza leo amenyamaza.

Mwalimu Ajiambo Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika nyumba za reli mjini Voi, kifungua mimba wa mzee Makokha, fundi wa reli aliyetoka Busia, na mama Nabwile. Alisoma shule ya msingi na sekondari papa hapa Voi, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1987, akahitimu 1990, akaanza kufundisha hesabu Wundanyi, ambako wanafunzi walimwogopa kwanza, wakampenda baadaye, na wengine walioko hapa naona bado hawajamaliza kuogopa.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Harrison Mwakio wa Mraru, Mungu akawajalia Elly, Yvonne na Lewis.

Januari 2018 akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Sekondari ya Mwangaza, Mraru, ambayo maabara yake ilikuwa stoo ya mahindi. Alijenga maabara mpya, maktaba na chumba cha kompyuta, lakini moyo wake ulikuwa kwenye bweni, kwa sababu Mei 2021 msichana wa kidato cha pili, Shantel, alivunjika mguu akiwakimbia ndovu alfajiri akija shuleni kutoka pande za Ndara, na hakurudi shuleni tena. Bodi ikaamua bweni likae kona ya mwisho, upande wa ranchi, na matangi ya maji nyuma yake, basi ndovu wakaja kunywa, wakauangusha ukuta kabla haujafika madirishani. Marehemu hakugombana na mtu, alisema tu bweni lihamie katikati, pale palipotengewa ofisi yake mpya yenye choo cha ndani, naye akabaki katika ofisi ya zamani, ambamo mvua ikinyesha mgeni alihudumiwa akiwa ameshika mwavuli.

Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Voi, kisha Mombasa, na kila Harrison alipomletea uji kitandani, aliulizwa kwanza kama mabati yamefika. Bweni lilifunguliwa tarehe 19 Mei 2025, akapelekwa kwa kiti cha magurudumu, akaomba alazwe kidogo kwenye kitanda cha chini, Yvonne akadhani mama amepitiwa na usingizi, kumbe alikuwa anasikiliza, akasema kitanda kinalia, fundi aje akaze skrubu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maagizo yake ya mwisho kwa shule. Alituacha asubuhi ya tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa mikononi mwa Harrison.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mraru waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na mafundi, ambao skrubu walizikaza siku ile ile.

Wasichana wako ndani ya ua, hakuna anayepishana na ndovu alfajiri, nawe dada, jipumzikie kwa utulivu. Marehemu aliniagiza nisilie mbele yenu, na ikiwa karatasi imelowa mpaka nimeruka jina la mtu, msiilaumu familia, mlaumuni msomaji, aliyemwahidi kwamba kulia hajui.