Mwalimu Ndambiri na Somo la Kisu na Nyama

Ijumaa tarehe 18 Desemba 1959 Mwalimu Ndambiri anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, kumi ya mwisho akiwa mkufunzi wa walimu katika chuo chetu nje kidogo ya Nkubu. Kamati iliniomba wasifu mfupi wa kuchekesha, na nilikuwa nimeumaliza. Juzi Jumanne nikaenda kumsomea. Aliyoniambia yamenifanya niuchane na kuanza upya.

Nianze na yale mepesi. Mwalimu alizaliwa Embu, akafundisha watoto wadogo huko miaka mingi, kisha akaja kwetu na baiskeli moja na sanduku la chaki. Hajawahi kumaliza kikombe cha chai. Hukiweka dirishani, akamkumbuka mtu wa kusaidiwa, akaenda zake. Walimu zaidi ya mia mbili wa Meru na Embu wamepita mikononi mwake.

Kazi iliyompa jina ilianza watoto wa Kisomali walipoingia katika shule za wilaya yetu, wazazi wao wakihamia Makutano na Maua kufanya biashara. Kimeru hawakukijua, Kiswahili hawakukijua, na sisi tulitakiwa kuwafundisha Kiingereza. Tuliwauliza, wakanyamaza. Tukaona ni kiburi, tukachukua fimbo. Mimi nilikuwa na Waris, msichana wa miaka kumi, binti wa Bwana Elmi mwenye bucha Makutano. Nilimchapa muhula mzima, kisha nikaandika ripoti kwamba hafundishiki, aondolewe shuleni.

Mwalimu aliisoma ripoti hiyo na hakunikemea. Jumamosi moja ya Mei 1954 aliwaita walimu thelathini chuoni, nami nikiwemo. Alimsimamisha Bwana Elmi mbele, mezani kukiwa na kisu, kipande cha nyama ya mbuzi na chumvi, akamwomba afundishe kwa Kisomali kitupu, asitafsiri hata neno. Alitaka walimu waonje wanachokionja watoto hao.

Mimi nilichelewa. Kwenye kizuizi cha barabarani walinishika saa mbili nzima wakikagua pasi yangu, kwa hiyo maelezo hayo sikuyasikia. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa. Nikachungulia dirishani: wenzangu wameinua mikono, wanarudia kwa sauti moja maneno nisiyoyajua, na mbele yao kisu na nyama ya mbuzi. Mnaijua miaka ile ya Hali ya Hatari, wapiganaji wa msituni wakiwalisha watu kiapo kwa nyama ya mbuzi. Nilidhani wanalishwa kiapo. Nikakimbia hadi kituo cha homugadi, askari wa kijiji wa serikali, nikasema nilichokiona.

Wakati huo mtu akithibitika kulisha kiapo alinyongwa. Mwalimu na Bwana Elmi walikaa korokoroni siku kumi na tisa, hadi mkalimani wa Kisomali akaletwa kutoka Isiolo. Walimu walisimamishwa mmoja mmoja wakariri kiapo chao. Mkalimani alisikiliza, akacheka mpaka akaketi chini, akawafasiria wakubwa: "Hii ni nyama. Hiki ni kisu. Chumvi iko wapi?" Wakaachiliwa. Mwalimu alitoka hana meno mawili ya mbele. Ninyi mnaomtania kwa jinsi anavyotamka Kiingereza, sasa mnajua kwa nini.

Jumatatu iliyofuata alinijia darasani. "Kathuri, somo ilikupita. Kuja kesho."

Nilikwenda. Bwana Elmi alikuwa mbele, kisu na nyama mezani, na mwanafunzi ni mimi peke yangu. Saa nzima baba yule wa Waris aliniuliza kwa Kisomali, nami nikanyamaza. Hakuniinulia mkono. Alirudia polepole mpaka nikatoa neno moja, *hilib*, yaani nyama, akanipigia makofi. Niliporudi nyumbani niliivunja fimbo yangu, na kesho yake nikaifuta ripoti. Waris alifaulu mtihani wa darasa la nne mwaka uliofuata, Kiingereza kikiwa juu kuliko hesabu, na mwaka huu amemaliza darasa la nane.

Miaka mitano nimeamini kwamba Mwalimu hakumjua aliyemchongea. Juzi, nilipomaliza kumsomea ule wasifu wa kuchekesha, aibu ilinishinda nikaanza kuungama. Alinikatiza.

"Najua, Kathuri. Si nilikuona kwa dirisha? Nilikupungia mkono ukuje uketi."

Alinijua wakati wakimpiga na kumtaka ataje majina ya watu, alinijua aliponijia darasani, alinijua alipoiambia kamati kwamba anayefaa kuandika wasifu huu ni mimi.

Mwalimu, naomba radhi mbele ya wote waliofika leo, na mbele ya Bwana Elmi aliyeketi safu ya kwanza. Asante kwa kunifundisha huku ukijua nilichokufanyia. Nenda Embu kwa amani, wewe na mkeo, Mungu awazidishie miaka.